Hema la hewa linapolegea usiku

Msimu uliopita wenzenu wa mlimani walituita asubuhi. Hema lao la kujaza hewa, lile wanamowekea mahindi, lilikuwa limelala juu ya magunia na mvua imeingia. Walisema limetoboka. Tukalijaza tena, tukapaka maji ya sabuni kwenye nguzo zote, vile mnatafuta tundu la mpira wa baiskeli. Hakuna povu. Kumbe povu lilitokea kwenye valvu: mchanga ulikuwa umekwama ndani.

Basi anzieni valvu. Ipanguseni kwa kitambaa safi, muifunge vizuri.

Halafu kuna jua. Hewa ikipata joto inapanuka, ikipoa inapungua. Nguzo ikijazwa mchana mpaka iwe ngumu, usiku wa baridi inalegea, maji yanakusanyika juu ya paa, na uzito wake unaangusha hema lote. Mkijaza sana alfajiri, jua la saa sita linaweza kupasua mshono. Kwa hiyo jioni mtu aminye nguzo kwa mkono, aongeze hewa. Asubuhi apunguze kidogo. Ni kazi ya kila siku, msimwachie mlinzi peke yake.

Tundu likionekana, toeni hewa, safisheni, kausheni kabisa, ndipo mbandike kiraka. Kwenye unyevu gundi haishiki.

Magunia yakae juu ya mbao. Yale mahindi yaliyoota kuvu wenzetu waliyatupa, hata kuku hawakupewa, maana sumu ya kuvu haitoki kwa kupika.