Mafuta Yakianza Kutoa Moshi
Kijitabu cha elimu kwa wapishi wa nyumbani na wauza vyakula vya kukaanga

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mafuta yamepata moto pale yanapoanza kutoa moshi. Hapo ndipo samaki anatiwa, hapo ndipo mandazi yanaanza kutumbukizwa. Tunaomba desturi hiyo iachwe. Mafuta yanayotoa moshi yamepita kiasi na yameshaanza kuharibika, na anayeanza kuumia ni yule aliyesimama mbele ya karai.

MOSHI UNATOKA WAPI

Mafuta ya kula, yawe ya mbegu, ya nazi au ya mnyama, yameundwa na asidi za mafuta zilizoshikana na gliseroli. Joto likizidi, zile asidi huachana na gliseroli, na zilizoachana ndizo zinazopanda kwanza kama moshi mwembamba wa samawati. Gliseroli nayo ikiungua hutoa akrolini, gesi inayochoma macho na kukereketa koo. Mpishi akitokwa machozi jikoni na hakuna kitunguu kilichokatwa, sababu mara nyingi ni hiyo.

Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha tathmini kwamba moshi wa kukaangia kwa joto kali una uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mwingi ulitoka kwa wanawake wa China waliokaanga kwa mafuta ya moto sana katika majiko yasiyopitisha hewa. Majiko ya namna hiyo tunayo na sisi: chumba kimoja, dirisha dogo, mama anakaanga na mtoto yuko mgongoni. Mlango ufunguliwe, jiko lisogezwe karibu na hewa, na mtoto apewe mtu mwingine hadi kazi iishe. Sababu ni moshi, na pia ni mafuta yanayoruka.

Moshi usichanganywe na mvuke. Kiazi kibichi kikiingia kwenye mafuta, maji yake hutoka kama wingu jeupe linalopotea mara moja hewani. Moshi wa mafuta hauna haraka ya kupotea. Huelea, huwa na rangi ya samawati au kijivu, na hunuka kuungua hata kabla chakula hakijatiwa. Karai likitoa moshi likiwa halina kitu ndani, hayo ni mafuta yenyewe.

KILA MAFUTA NA JOTO LAKE

Karibu vyakula vyote vya kukaanga huiva vizuri kati ya nyuzi 160 na 190 za Selsiasi. Linganisha na joto ambalo mafuta mapya huanza kutoa moshi:

Siagi: karibu 150.
Alizeti ghafi ya mashine ndogo: hutofautiana sana, mengine huanza chini ya 160.
Nazi iliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani: karibu 175.
Ufuta usiosafishwa: karibu 175.
Alizeti, karanga au mawese yaliyosafishwa kiwandani: 220 hadi 230.
Samli safi: 230 hadi 250.

Tazama siagi na samli, maana zote zimetoka kwenye maziwa yaleyale. Siagi ina maji na mabaki ya maziwa, na mabaki hayo ndiyo yanayogeuka kahawia, kisha meusi, mafuta yenyewe yakiwa bado hayajafika mbali. Samli imechemshwa hadi maji yakaisha na machicha yakatolewa, ndiyo maana inastahimili joto ambalo siagi haiwezi. Wapo wanaoongeza mafuta ya kula kwenye siagi wakiamini haitaungua. Mabaki ya maziwa yamo humohumo, na yataungua kwa joto lilelile.

Mafuta ya alizeti yanayouzwa kwenye madumu na chupa kando ya barabara Singida na Dodoma mengi hukamuliwa na kuchujwa tu. Yana ladha, yana rangi, na fedha yake inabaki kwa mkulima na mwenye mashine. Hatusemi yaachwe. Tunasema yafaa zaidi kwa mchuzi, mboga na kukaanga vitunguu kwa moto wa wastani kuliko kwa karai la chipsi linalochemka kutwa. Wauzaji nao wayatoe juani: mwanga na joto huanza kuyaharibu kabla hayajafika jikoni.

Mawese mekundu ya Kigoma yana jambo lake. Wekundu ule ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wapo wanaoyachemsha hadi rangi iishe na harufu ipungue, kisha ndipo wapike. Kwa kufanya hivyo wanapoteza kile kinachoyafanya mawese kuwa na thamani kwa mtoto anayekua. Yapashwe kwa moto mdogo, na wekundu ubaki.

Joto la kutoa moshi si kipimo pekee. Alizeti iliyosafishwa na mawese yaliyosafishwa huanza kutoa moshi katika joto linalokaribiana, lakini ukikaanga saa nyingi mfululizo, alizeti ya kawaida huchoka mapema zaidi, kwa kuwa asidi zake nyingi hushambuliwa upesi na hewa ya oksijeni. Mawese huvumilia zaidi, ila yana mafuta mazito mengi, yale ambayo wataalamu wa moyo wanatushauri tupunguze. Kwa familia inayokaanga mara moja moja, alizeti ni chaguo zuri. Kwa anayekaanga biashara, uvumilivu wa mafuta una uzito wake, na kubadilisha mafuta kwa wakati kuna uzito zaidi.

KUPIMA JOTO BILA KIPIMA JOTO

Chovya mpini wa mwiko mkavu wa mti. Viputo vidogo vikitoka mfululizo kuuzunguka, mafuta yako tayari. Vikitoka kwa fujo, punguza moto. Njia nyingine ni kipande kidogo cha mkate: kikigeuka rangi ya dhahabu ndani ya dakika moja hivi, joto ni karibu nyuzi 180. Kikigeuka kahawia mara tu kinapoingia, epua kwanza. Usirushe tone la maji kupima.

Jiko la mkaa lina tabia ya kuendelea kupanda joto hata baada ya mpishi kuridhika. Chakula kikiisha kwenye karai na kingine hakijawa tayari, ondoa karai motoni. Mafuta mengi huungua katika dakika zile ambazo hakuna kinachokaangwa.

MAFUTA YALIYOTUMIKA

Namba tulizotaja ni za mafuta mapya. Kila mara yanapotumika, asidi zilizoachana huongezeka na joto la kutoa moshi hushuka. Mafuta yaliyoanza na nyuzi 220 hushuka hadi yakatoa moshi katika joto la kawaida la kukaangia. Hapo chupa iliandikwa nini si hoja tena.

Vinavyoyashusha haraka ni maji, chumvi, makombo ya unga na kutu ya karai. Kwa hiyo samaki afutwe akauke, viazi vikaushwe baada ya kuoshwa, na chumvi itiwe baada ya chipsi kutolewa. Makombo yaopolewe kila mkupuo. Jioni mafuta yakipoa yachujwe kwa kitambaa safi, yawekwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mwanga.

Dalili za kuyaacha zinaonekana kwa macho. Povu linalojaa karai na haliishi. Rangi nyeusi, uzito unaonata kwenye kijiko, harufu kali, na moshi kabla chakula hakijaiva. Wapo wanaokaangia vipande vya kitunguu au kiazi ili kuyasafisha. Harufu hupungua kidogo, lakini kilichovunjika hakirudi. Kuongeza mafuta mapya juu ya yaliyoharibika nako ni kuharibu yale mapya.

Tunajua bei ya dumu, na tunajua faida ya mauzo ya siku ilivyo ndogo kwa mama lishe. Ndiyo sababu tumesisitiza kuchuja, kukausha na kupunguza moto: ni hatua zisizo na gharama, na zinaongeza siku ambazo mafuta yanaweza kutumika kwa usalama.

Yaliyochakaa yasimwagwe kwenye sinki wala mtaroni, huganda na kuziba. Watengenezaji wa sabuni huyahitaji.

MOTO UKIWAKA

Baada ya moshi, mafuta yakiachwa yaendelee kupanda joto yatawaka yenyewe. Usimwage maji kamwe. Maji ni mazito kuliko mafuta, huzama chini, hugeuka mvuke unaotanuka takriban mara 1,700 na kurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima gesi kama unaweza kuifikia. Kwa mkaa, ziba mlango wa hewa wa jiko. Funika karai kwa sinia au mfuniko wa chuma, ukiusukuma kutoka upande wako kwenda mbele, kisha uuache hadi karai lipoe kabisa. Kufunua mapema huurudisha moto. Usilibebe karai kulipeleka nje.

Moto ukishashika pazia au paa, watu watoke. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114.

Aliyeunguzwa na mafuta amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, yasiwe ya barafu. Pete, bangili na nguo zivuliwe kabla ya uvimbe, isipokuwa nguo iliyoganda kwenye ngozi. Dawa ya meno, unga, asali au mafuta visipakwe. Malengelenge yasitumbuliwe. Akiwa ni mtoto, au jeraha likiwa usoni, mikononi au kubwa kuliko kiganja chake, afunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.