Je, nyama ya ngiri itaua nguruwe wangu?

*Daktari, nafuga nguruwe wanane. Jirani mwenye kibali cha kuwinda alituletea nyama ya ngiri, na mabaki mabichi nikawapa nguruwe. Sasa naambiwa ngiri huleta homa. Je, hata sisi tuko hatarini? – Mfugaji, Morogoro*

Ndugu mfugaji, ondoa shaka kuhusu familia: homa ya nguruwe ya Afrika haimpati binadamu. Kwa mifugo, hofu yako ina msingi.

 Ngiri na nguruwe pori hubeba virusi vya homa hii bila kuugua; nguruwe wa kufugwa ndiye hufa. Wataalamu waliueleza ugonjwa huu mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Huenezwa na kupe laini wa mashimo ya ngiri, na virusi hudumu katika nyama mbichi.

Usiwape mabaki tena. Wafungie bandani, usiuze wala kuhamisha hata mmoja, na osha viatu kwa dawa kabla ya kuingia. Wachunguze kwa wiki tatu: homa kali, kukataa chakula, masikio au tumbo kuwa jekundu. Ukiona dalili yoyote, usichinje. Mwite ofisa mifugo siku hiyohiyo. Ugonjwa hauna tiba, lakini taarifa ya mapema itaokoa mabanda ya majirani.