Utando wa joto: kizuizi au kinga?

Vyuoni kwetu sayansi tunaisoma kwa Kifaransa, na istilahi nyingi huhamishiwa Kiswahili neno kwa neno. Hapa nachunguza moja: utando wa seramiki unaofunika mapanga ya turbini katika injini za ndege. Kifaransa huuita bariyeri ya joto, na tafsiri ya haraka ni kizuizi cha joto. Kwa maoni yangu, neno hilo linapotosha.

Kwenye bariyeri ya barabarani gari husimama. Hapa joto halisimami. Katika injini za kisasa gesi hupita nyuzi 1,500 za Selsiasi, ilhali aloi ya nikeli iliyounda panga huanza kuyeyuka karibu na 1,300. Panga hunusurika kwa mambo mawili yanayosaidiana: hewa ya kupoza inayopita katika mifereji yake ya ndani, na utando unaopitisha joto polepole. Hewa ikikatika, utando peke yake hautoshi. Ndiyo maana napendekeza kingajoto. Mwenye mwavuli hujikinga na mvua, wala hazuii isinyeshe.

Jozi ya pili ni mwanya na ufa. Utando uliozoeleka ni zirikonia yenye itria asilimia 7 hadi 8 ya uzito. Inapopata moto, metali hutanuka kuliko seramiki. Kwa hiyo, kwa njia ya mvuke, wahandisi huotesha seramiki kama nguzo ndogo zilizosimama, zenye mianya kati yake, ili ifuate metali bila kuvunjika. Mwanya umekusudiwa. Ufa ni ule unaotambaa chini ya seramiki, kwenye tabaka la oksidi ya alumini linalonenepa kadiri injini inavyofanya kazi. Ukienea, utando hubanduka. Mfasiri akiviita vyote nyufa, mwanafunzi atadhani vyote ni vya kuzibwa.

Hata hivyo, mianya ina hasara. Mchanga na vumbi vilivyovutwa na injini huyeyuka karibu na nyuzi 1,200, hupenya humo, kisha huganda injini inapopoa. Seramiki hukosa nafasi ya kutanuka. Dawa mojawapo ni kuongeza juu tabaka la zirikonati ya gadolini: huingiliana haraka na mchanga ulioyeyuka na kuunda fuwele zinazouzuia usishuke zaidi. Hapo kitenzi kuzuia kinafaa, kwa kuwa kinachozuiwa ni mchanga.

Basi, kabla ya kuunda istilahi, tuulize: nini kinapita, nini kinasimama, na kipi kimekusudiwa? Kamusi peke yake haitatujibu.