Mvua ya utabiri siyo maji ya Ngerengere
Kijana mmoja kanipigia: "Bwana shamba, utabiri unasema mvua nzuri, nipande nyanya ekari mbili?" Nikamwambia ngoja kwanza.

Modeli nyingi za tabianchi duniani hugawa ardhi kwa miraba ya kilomita 100 hivi. Mraba mmoja unameza Uluguru nzima, mashariki kunakolowa sana pamoja na upande wetu mkavu. Nyingine hazilijui hata Bwawa la Mindu, linalozuia maji ya Manispaa ya Morogoro kabla mto haujatufikia, wala pampu za wenzako huko juu. Wataalamu wanaziongezea mikondo na mabwawa, ila wanahitaji vipimo vya mtoni.

Basi chomeka mti wenye alama za sentimita, andika kina kila asubuhi. Juni kikishuka haraka, panda nusu ekari. Na kibali cha maji unacho?