Kompyuta na Mahindi ya Baba

Mwaka jana baba alipanda mahindi kwa kuamini utabiri. Mvua ikachelewa, mbegu zikaliwa na mchwa. Mbona kompyuta ikosee?

Mwaka 1961 huko Marekani, Edward Lorenz aliiga hali ya hewa kwa kompyuta. Siku moja akarudia hesabu, ila badala ya 0.506127 aliandika 0.506 tu, akaenda kunywa kahawa. Kurudi, lo! hali ya hewa imekuwa nyingine kabisa. Katofauti kale kadogo kalikuwa kamekua!

Ndiyo sababu siku hizi watabiri hurudia hesabu mara nyingi, wakibadilisha mwanzo kidogo kidogo, ndipo waseme mvua ina uwezekano gani.

Mimi nataka kusomea hayo chuo kikuu: hewa, bahari na ardhi ndani ya kompyuta. Baba hakucheka. Aliniuliza tu hesabu nilipata ngapi. Nilipata 31.