Chanda Chema Huvikwa Pete

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete; maana yake, atendaye mema astahili kutuzwa mbele ya watu. Mataifa nayo hufanya vivyo hivyo: huwapa nishani wale walioitumikia nchi vyema. Katika nishani hizo, mojawapo iliyo mashuhuri sana ni ile ya Ufaransa iitwayo Légion d'honneur, yaani Jeshi la Heshima.

Zamani Ufaransa ilitawaliwa na wafalme, na nishani kubwa walivikwa watu wa nasaba bora. Mwana wa mkulima aliweza kupigana kishujaa hata kufa, asiipate. Mwaka 1789 watu waliwaasi watawala wao, na baada ya muda nishani hizo zikafutwa.

Kisha akatokea Napoléon Bonaparte, naye akataka nishani mpya. Wenzake wengine walimpinga, wakisema kwamba utepe ni kitu cha kuchezea watoto. Akawajibu kwamba kwa vitu kama hivyo ndivyo watu waongozwavyo. Basi tarehe 19 Mei 1802 sheria ikatolewa. Nishani hiyo haikuuliza mtu kazaliwa na nani, bali kafanya nini. Askari alivikwa, na mwanachuoni pia, na hakimu pia. Ina daraja tano, na utepe wake ni mwekundu. Maneno yake ni mawili: Heshima na Nchi. Lakini wanawake walingoja sana. Mwanamke wa kwanza, Marie-Angélique Duchemin, aliyekuwa askari katika ujana wake, aliipata mwaka 1851. Leo mkuu wa nishani hiyo ni Rais wa Ufaransa.

Sasa sikilizeni habari za mtu mmoja aliyevikwa. Alfred Dreyfus alikuwa kapteni wa mizinga, naye alikuwa Myahudi. Mwaka 1894 ilionekana karatasi yenye siri za jeshi, zilizokuwa zikiuzwa kwa Wajerumani. Wakubwa wake wakasema mwandiko ni wake, wakamhukumu. Tarehe 5 Januari 1895, katika uwanja wa Shule ya Kijeshi mjini Paris, alama za cheo chake zilingolewa na upanga wake ukavunjwa mbele ya askari. Yeye akapaza sauti kwamba hana hatia, wala hakuna aliyemsikia. Akapelekwa kufungwa katika kisiwa cha mbali, pwani ya Guyana, akakaa huko zaidi ya miaka minne.

Lakini kweli haizikwi. Mwaka 1896 afisa mmoja, Georges Picquart, aligundua ya kuwa mwandiko ule ulikuwa wa mtu mwingine. Wakubwa hawakufurahi, wakamhamisha mbali. Hata hivyo watu wenye moyo wa haki hawakunyamaza. Mwishowe, mwezi wa Julai 1906, mahakama kuu ilitangua hukumu ile. Siku chache baadaye, katika Shule ile ile ya Kijeshi, Dreyfus alisimama tena mbele ya askari, akavikwa utepe mwekundu kifuani.

Wanafunzi, fikirini siku hizo mbili. Siku ya kwanza Dreyfus alivuliwa kila alama, lakini uaminifu wake haukuvuliwa. Siku ya pili alivikwa nishani, lakini nishani hiyo haikumfanya kuwa mwaminifu. Alikuwa hivyo tangu zamani. Pete haikifanyi chanda kuwa chema. Hutuonyesha tu kwamba watu wamekwisha kuuona wema wake, na pengine huchelewa sana kuuona.

Maswali

1. Kwa nini nishani za zamani za Ufaransa hazikupendeza watu wengi?
2. Wenzake Napoléon walisema nini juu ya utepe, naye alijibuje?
3. Picquart alitenda jambo gani, na alipata malipo gani?
4. Eleza kwa maneno yako: pete haikifanyi chanda kuwa chema.