Kutafuta Hazina Ardhini: Mchezo, Elimu au Hatari?

Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alitutaka kila mmoja aandike somo moja la sayansi kwa Kiswahili, nami nimechagua mashine ambayo kila mkazi wa Garissa anaijua, ila wachache wamewahi kuuliza inafanyaje kazi. Ni ile mashine ya kutambua metali, wengi tunaiita ditekta.

Sisi tunakutana nayo langoni. Ukienda benki au ofisi kubwa, askari anakupitishia kifimbo mwilini, nacho kinalia "twii!" kikipata ufunguo au bakoli ya mshipi. Tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 walipoteza maisha, hakuna anayeuliza kwa nini tunapekuliwa. Lakini huko Uingereza na Marekani kuna watu ambao kwao ditekta ni mchezo wa siku ya mapumziko. Mtu huvaa visikizi masikioni, akatembea shambani polepole akitafuta sarafu za kale na pete zilizopotea. Je, mchezo huu unaweza kuchezwa kwetu? Hilo ndilo swali la somo hili. Kabla ya kulijibu, nisikilize kisa changu, kwani aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

KISA CHANGU

Ilikuwa likizo ya Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha, laga iliyo nyuma ya mtaa wetu ikajaa maji kisha ikakauka, ikaacha mchanga mpya. Nilikuwa na deni la pesa za chakula cha mchana na sikutaka kumsumbua baba. Binamu yangu, ambaye huokota vyuma chakavu na kuviuza kwa kilo, akaniambia, "Twende laga. Mvua imetuchimbia bure."

Ditekta hatukuwa nayo. Tulichukua sumaku ya spika ya redio mbovu, tukaifunga kamba, tukaiburura mchangani. Siku ya kwanza tulipata misumari, vifuniko vya soda na nati. Siku ya pili niliona kwa macho yangu sarafu kubwa yenye tundu katikati. Ilikuwa senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1937. Niliigusisha sumaku, ikakataa kunasa. Binamu akasema, "Hiyo si pesa, tupa." Mimi nikaitia mfukoni.

Siku ya tatu sumaku ilinasa kitu kizito. Tukafukua kwa mikono. Kilikuwa chuma chenye kutu, urefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, kinene kama chupa, na mkiani kina mapezi kama ya samaki. Binamu alifurahi. "Wallahi hii ni kilo tatu au zaidi! Lete jiwe tuvunje hayo mapezi." Nami nililileta. Msomaji, nataka nikiri hapa mbele ya wenzangu na walimu: jiwe lilikuwa mkononi mwangu, na mkono nilikuwa nimeshauinua.

"Waryaa! Weka jiwe chini. Polepole."

Alikuwa mzee mmoja akipita na mbuzi wake. Hakupiga kelele tena. Alituambia turudi nyuma kwa kukanyaga nyayo zetu zilezile tulizojia, halafu tukimbie kituoni. Yeye alibaki mbali kidogo, kwenye jua, akizuia watoto wengine na mbuzi wasikaribie, mpaka askari walipofika. Kesho yake wataalamu walikuja wakalilipua pale pale. Nyumbani madirisha yalitikisika. Ayeeyo akauliza, "Ni radi?" Mimi sikuweza kumjibu.

Jioni nilimweleza baba kuhusu lile deni. Akauza mbuzi mmoja, deni likaisha. Mbuzi mmoja tu! Nilikuwa karibu kulilipa kwa mikono yangu miwili.

JINSI DITEKTA INAVYOFANYA KAZI

Sasa tuingie darasani. Kwa nini sumaku ilikataa sarafu yangu? Kwa sababu sumaku hunasa chuma na ndugu zake wachache kama vile nikeli. Sarafu ile ni ya shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, na hiyo haina habari na sumaku.

Ditekta hutumia njia nyingine. Ndani yake mna koili ya waya inayopitishiwa umeme unaobadilika-badilika. Umeme huo hutoa nguvu ya sumaku inayobadilika vilevile. Nguvu hiyo ikikutana na metali yoyote, iwe dhahabu, fedha, shaba au chuma, huzusha mikondo midogo ya umeme ndani ya metali hiyo. Mikondo hiyo nayo hutoa nguvu yake ya sumaku, ambayo hunaswa na mashine na kugeuzwa kuwa mlio. Kwa hiyo mlio una maana moja tu: hapa pana metali. Hauwezi kukuambia kwa uhakika kama ni pete ya dhahabu au ni bomu.

HISTORIA YAKE KWA UFUPI

Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akatengeneza mashine ya kuitafuta risasi mwilini. Hakuipata. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa na springi za chuma zilizoivuruga mashine, tena madaktari walimruhusu kupima upande mmoja tu wa mwili, kumbe risasi ilikuwa upande wa pili. Rais akafa Septemba mwaka huohuo.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Józef Kosacki, afisa kutoka Poland, aliunda ditekta ya kubebwa na mtu mmoja. Ilitumiwa mwaka 1942 huko El Alamein, Misri, kusafisha njia katika mashamba ya mabomu. Naam, mashine ambayo leo wengine wanachezea ilienea kwa kazi ya kuokoa maisha.

ARDHI YETU IMELALIA NINI?

Mapema mwaka 1941 majeshi ya Waingereza, yakiwa na askari kutoka Kenya, Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini, yalipitia nchi yetu hii kwenda kuwapiga Waitalia, na Februari yakauteka mji wa Kismayu. Baadaye vilikuja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, ambapo mabomu yalitegwa barabarani. Na tangu 2011 tumesikia mara nyingi habari za magari yaliyolipuliwa katika barabara za kaskazini mashariki.

Kwa jirani zetu pia iko. Kule Archers Post na Dol Dol, wafugaji wa Kisamburu na Kimaasai waliumizwa na mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi ya jeshi. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu 228. Wengi wa walioumia huko walikuwa wachungaji waliookota kitu wasichokijua. Tofauti kati yao na mimi ni yule mzee tu.

HAZINA YA KWELI NI HABARI

Lakini msinielewe vibaya. Ardhini kuna hazina pia. Mwaka 2013, kisiwani Manda huko Lamu, kaunti iliyopakana na yetu, wataalamu wakiongozwa na Mkenya mwenzetu Chapurukha Kusimba pamoja na Sloan Williams walipata sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba. Ilitolewa wakati wa mfalme Yongle, kati ya 1403 na 1425. Kitu kidogo hivyo kikasema kwamba pwani yetu ilifanya biashara na Uchina karibu miaka mia sita iliyopita!

Sasa fikiria kama ingechimbuliwa usiku na mtu mwenye ditekta akaiuza mjini. Ingekuwa kipande cha shaba tu. Thamani yake ilikuwa pale ilipolala na vile vilivyolala pamoja nayo.

Ndiyo maana kuna sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006, vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 na vilivyomo ardhini ni mali ya serikali, na anayegundua kitu kama hicho anatakiwa kuwaarifu Makavazi ya Taifa ndani ya siku saba. Nao wenye biashara ya vyuma chakavu wanatakiwa wawe na leseni kwa Sheria ya mwaka 2015.

Hata Uingereza hawachimbi ovyo. Mwaka 2009 Terry Herbert alipata kwa ditekta yake hazina ya dhahabu na fedha huko Staffordshire. Aliitoa taarifa kama sheria yao ya 1996 inavyotaka. Ilithaminiwa zaidi ya pauni milioni 3, akagawana na mwenye shamba, na vitu vyote vikaenda makumbusho.

JIBU NA MAFUNZO

Basi, je, mchezo huu unatufaa? Jibu langu: kujifunza ditekta, ndiyo, kufukua ovyo katika ardhi yetu, hapana. Ukikutana na chuma usichokijua:

1. Usikiguse, usikipige, usikirushie jiwe, usiwashe moto karibu.
2. Rudi nyuma kwa nyayo zako ulizojia.
3. Weka alama mbali nacho, na uwazuie watoto na mifugo.
4. Mwambie mtu mzima, chifu au polisi mara moja.
5. Usiogope kuchekwa. Kama ni bomba la maji, mtacheka pamoja.

Sarafu yangu ya 1937 ninayo mpaka leo. Si ya kabla ya 1895, kwa hiyo sijavunja sheria. Nitaileta siku ya maonyesho ya chama, yeyote aje aiguse. Binamu bado anaokota vyuma, lakini sasa huokota vilivyo juu ya ardhi, na kitu kikiwa na mapezi hupita mbali.

Maswali ya kujadili chamani:
(a) Kwa nini sumaku haiwezi kunasa pete ya dhahabu?
(b) Kwa nini mashine ya Bell ilishindwa?
(c) "Thamani ya kitu cha kale ni pale kilipolala." Eleza.
(d) Wewe ungefanya nini kama deni lako lingelipwa na kilo tatu za chuma usichokijua?

Hapa natia nanga.